Kijana katoka ndani msafi, lakini hizo wiki za kwanza mtaani ndo za kuogopa

Hapa Malindi kijana akitoka ndani, awe ametoka Shimo la Tewa ama jela yetu ya hapa hapa mjini, kitu cha kwanza watu wanaangalia ni mwili. Amenona, mashavu yamejaa, macho meupe, anaongea vizuri, anaswali, na mamake anamwambia kila anayepita pale mlangoni kwamba alhamdulillahi mtoto ameacha unga, jela imemnyoosha. Na pengine ni kweli hajagusa, miezi minane, mwaka, miaka miwili. Lakini nataka tuelewane jambo moja kabla hatujaenda mbali: siku anayotoka maisha yake yako hatarini kuliko zile siku zote alizokuwa anashinda maskani akivuta ama kujidunga. Sisemi hivi kutisha watu. Ni jambo limepimwa likahesabiwa, na sababu yake ni ya mwili kabisa, haihusiani na tabia mbaya wala imani ndogo.

Unga, yaani heroini, ukitumika kila siku mwili unajenga usugu. Ile sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi inazoea kufanya kazi huku imekandamizwa, kwa hivo kipimo ambacho kingeniua mimi ama wewe, kijana wa miaka mitatu kwenye unga anakitumia asubuhi alafu anaenda zake kutafuta riziki. Angalia kiganja cha mvuvi, kamba ya nyavu haimfanyi kitu kwa sababu ngozi ishaota sugu, lakini akae nchi kavu miezi sita, sugu zinalainika, na siku ya kwanza akirudi baharini kamba ile ile inamchana mkono. Usugu wa unga unaanza kushuka ndani ya siku chache tu za kukaa bila, na baada ya wiki kadhaa umeisha. Kumbukumbu lakini haishuki. Kijana anakumbuka vizuri sana kwamba yeye alikuwa anamaliza kete ngapi (vile vifuko vidogo vya unga) kwa siku, anakumbuka sindano yake ilikuwa inajaa mpaka wapi, sasa akirudi mara moja tu, kwa hasira ama kwa furaha ama kwa kukaribishwa na marafiki, anapima kwa kipimo cha zamani na mwili ni mpya.

Mwaka 2007 Daktari Ingrid Binswanger na wenzake huko Marekani walitoa utafiti wa watu 30,237 waliotoka jela za jimbo la Washington. Walikuta katika wiki 2 za kwanza hatari ya kufa ilikuwa mara 12.7 ukilinganisha na raia wengine walio sawa nao kwa umri na jinsia, na hatari ya kufa kwa ovadozi, yaani kuzidisha dawa, ilikuwa mara 129. Soma tena hiyo namba. Marekani si Malindi, dawa zao na jela zao si kama zetu na huko kokeini pia ilihusika sana, lakini pumzi ya binadamu ni moja, na usugu unashuka Washington kama unavyoshuka Shimo la Tewa.

Alafu kuna hili ambalo watu hawalifikirii: hatari hiyo haiko kwa jela peke yake. Kijana aliyefungiwa chumbani na wajomba zake wiki tatu mpaka arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikaisha, kijana aliyepelekwa soba hausi, nyumba ya kukaa wanaoacha unga, miezi mitatu akarudi bila mpango wowote, hata aliyepelekwa kwa babu shamba huko Kakuyuni "akapumzike na mji", wote wamepoteza usugu sawa sawa. Kusafisha mwili ndo sehemu rahisi ya hii kazi. Arosto ya heroini inaanza ndani ya siku moja tangu kete ya mwisho, inapanda siku ya pili na ya tatu, na ndani ya wiki moja ama siku kumi yale makali yanakwisha. Kinachobaki baada ya hapo, usingizi mbovu, huzuni, kiu inayomshtua akipita tu kona fulani, hicho kinakaa miezi mingi, na kwa kijana kinakuwa kigumu zaidi kwa sababu ile sehemu ya mbele ya ubongo inayomwambia mtu "ngoja kwanza" inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Kijana wa miaka 19 unamuona ana ndevu, lakini breki za ndani bado zinafungwa.

Sasa mbona anatoka bila mtu kumpokea

Hapa ndo pana mkorogo, na nitaomba msomaji anivumilie kidogo manake bila kuelewa hapa familia zinazunguka ofisi hadi viatu vinaisha.

Kuna mikono mitatu inamshika huyu kijana na hiyo mikono haiongei. Wa kwanza ni sheria: polisi, koti, jela, na idara ya probesheni, ile inayosimamia waliohukumiwa wakiwa nje. Wa pili ni afya: hospitali, kliniki ya methadoni (dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga), mashirika kama The Omari Project ambao wamekuwa hapa Malindi na vijana wa unga tangu miaka ya tisini. Wa tatu ni nyumbani. Jela inajua tarehe ya kutoka lakini haijui atalala wapi. Kliniki inajua dozi yake lakini haijui amekamatwa ama ametoka lini. Mama anajua atalala wapi lakini hajui dozi, hajui tarehe kamili, na mara nyingi hata hajui kwamba mwanawe alikuwa kwa methadoni. Kila mmoja ana kipande, na kijana anaanguka pale katikati.

Tena kijana siyo wa aina moja kisheria. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai, na mtoto, yaani yeyote chini ya miaka 18, hafungwi jela ya watu wazima. Anaweza kuwekwa rimandi ya watoto (hapa Malindi tunayo), anaweza kupewa probesheni, anaweza kuondolewa kabisa kwenye njia ya koti na kupelekwa kwa ushauri nasaha, na wavulana wa miaka 15 hadi 17 wanaweza kupelekwa Borstal, taasisi ya kurekebisha vijana, ambayo kwa Pwani iko Shimo la Tewa, kwa muda usiozidi miaka 3. Akishafika 18 ni mtu mzima na mlango ni mwingine. Kwa nini hii ni muhimu kwa mambo ya unga? Kwa sababu wa Borstal anatoka akiwa na afisa wa kumfuatilia, ile kazi inaitwa uangalizi wa baada ya kifungo na iko chini ya probesheni, lakini kijana wa miaka 20 aliyemaliza kifungo chake cha miezi sita kwa kosa la kuiba simu, yeye mlango unafunguliwa, anapewa nguo zake alizoingia nazo, na ni hivo tu. Hana afisa. Anapanda matatu pale Mtwapa, karibu na Shimo la Tewa, na kabla hajafika Kilifi ashapigiwa simu na wenzake wa zamani.

Wenye vifungo vifupi ndo wengi na ndo wanaosahauliwa. Kwa maoni yangu hawa ndo tungeanza nao, manake wanaingia na kutoka mara nyingi, na kila kutoka kuna zile wiki mbili.

Na wale wanaokaa seli tu bila kufungwa? Katiba inasema aliyekamatwa afikishwe koti ndani ya saa 24, ila akikamatwa Ijumaa jioni anangoja mpaka siku ya koti, na arosto haingoji Jumatatu. Kama alikuwa anakunywa methadoni kila siku, pale seli anaanza kukosa dozi. Hapa familia ina kazi moja ya haraka sana, kwenda kliniki siku ile ile kuwaambia "fulani yuko kituoni", ili kliniki iongee na polisi. Usione aibu. Wauguzi wa pale wameshasikia habari hiyo kabla yako, hautakuwa wa kwanza.

Methadoni, na ile hoja ya "kubadilisha ulevi kwa ulevi"

Kliniki ya methadoni ya Malindi ilifunguliwa Februari 2015 pale hospitali yetu ya kaunti ndogo, miezi michache tu baada ya ile ya kwanza ya nchi kuanza Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Dawa ni ya maji, unakunywa mbele ya muuguzi mara moja kwa siku, na ni bure. Gharama iko kwa usafiri, na mtu wa Gongoni ama Marereni anaijua hiyo gharama vizuri, kila siku ya Mungu kwenda na kurudi.

Wazee wetu wengi na hata maalim wengine wanauliza, si ni unga mwingine wa serikali? Swali ni la haki na linahitaji jibu la haki. Heroini inaingia kwa ghafla, inampandisha, alafu ndani ya saa chache inamwangusha kwa arosto, kwa hivo siku nzima ya teja ni kupanda na kushuka, na kila akishuka lazima atafute pesa, kwa njia yoyote. Methadoni inaingia polepole na inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hivo dozi ikishatulia hakuna kupanda wala kushuka, anaamka kama mtu mwingine, anakunywa dawa yake, anaenda kazini. Na hata akijaribu unga juu yake hapati kile alichokuwa anakipata. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Mwili wake unaitegemea, ndiyo, siwezi kuficha hilo, akiiacha ghafla ataumwa. Lakini kutegemea dawa na kuharibikiwa na maisha ni vitu viwili, muulize mgonjwa wa sukari kuhusu insulini.

Dua ina nafasi yake, tauba ina nafasi yake, na kijana aliyepata kikao cha kumrudisha msikitini ama kanisani amepata marafiki wapya, na marafiki wapya ni nusu ya matibabu. Ninachoomba tu asiambiwe achague kati ya dawa na dini. Kwa mfano Ramadhani, dawa ya mchana inaleta maswali, na mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qur'ani yenyewe, kwa hivo aongee na kliniki na aongee na imamu mapema kabla mwezi haujaandama, asije akaacha dawa kimya kimya kwa aibu alafu siku ya Idi tuko makaburini.

Sasa kwa anayetoka ndani. Shimo la Tewa kuna kliniki ya methadoni ndani ya gereza, kwa hivo kuna vijana wanatoka wakiwa tayari wanakunywa. Kwa hao kitu kimoja kinaamua mambo: barua ya uhamisho. Barua inayosema dozi yake ni miligramu ngapi, na ya mwisho alikunywa tarehe gani. Bila hiyo barua muuguzi wa Malindi hawezi kumpa dozi kamili, na usimlaumu, akimpa miligramu 90 mtu ambaye amekosa wiki nzima anaweza kumuua. Utaratibu ni kwamba ukikosa siku moja ama mbili unaendelea, ukikosa tatu mfululizo na kuendelea unapimwa upya na dozi inapunguzwa, na ukikaa zaidi unaanza mwanzo kabisa. Kwa hivo kijana anayetoka Ijumaa mchana na kufika kliniki Jumanne ashajiweka pabaya. Mpango ni afike kliniki siku ya pili yake asubuhi, na mtu amsindikize.

Ambaye alikuwa hanywi chochote ndani, yeye asiende kuambiwa "wewe ni mzima". Aende akapimwe. Daktari anaweza kuona historia yake na hatari yake akaamua kumuanzisha kwa dozi ya chini sana na kupandisha taratibu, kwa sababu kuanza kwenyewe kuna hatari yake, zile wiki mbili za kwanza za methadoni ukiongeza unga ama vidonge juu ni balaa. Na kama yuko chini ya miaka 18 kliniki itahitaji mzazi ama mlezi awepo na tathmini ya ziada, maana huduma hii ilijengwa kwa watu wazima. Mzazi asikasirike akiulizwa maswali mengi.

Faida ya kuunganisha jela na kliniki inaonekana. Jimbo dogo la Rhode Island huko Marekani walianza mwaka 2016 kuwapa wafungwa wote wenye uraibu hizi dawa ndani na kuwaunganisha na kliniki wakitoka. Nusu ya kwanza ya 2016, kati ya waliokufa kwa ovadozi jimbo zima, 26 walikuwa wametoka jela karibuni. Nusu ya kwanza ya 2017 wakawa 9. Hawakujenga hospitali mpya, waliunganisha tu mikono iliyokuwa haiongei.

Kuna jambo la kifua kikuu ambalo lazima niliseme kwa sababu jela zetu zimejaa na TB inasambaa humo. Moja ya dawa za TB, rifampisini, inafanya ini liimalize methadoni haraka. Kijana yuko kwa dozi ile ile iliyokuwa inamtosha lakini ghafla anatoka jasho, anaumwa mifupa, halali, na nyumbani wanasema "kaanza tena". Hajaanza, dozi imepungua nguvu. Kwa hivo kama ametoka na dawa za TB, kliniki ya methadoni lazima ijue siku ya kwanza, na akimaliza dawa za TB pia waambiwe, maana hapo methadoni inapanda tena na dozi kubwa inakuwa hatari. Baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi, efavirenzi ikiwemo, zinafanya hivo hivo. Hili jambo dogo limewarudisha vijana wengi maskani na halikuwa kosa lao.

Akianguka

Kila nyumba yenye kijana aliyetoka ndani ijue dalili za ovadozi. Haamki ukimwita na kumfinya, anakoroma kwa namna ya ajabu kama kabanwa koo ama hapumui kabisa, midomo na kucha zinakuwa za buluu ama kijivu, mboni za macho zimekuwa ndogo kabisa. Hapo usimmwagie maji, usimlazimishe maziwa, usimdunge maji ya chumvi, usimwache "alale iishe". Itisha tuktuk ama gari, na wakati unangoja, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpe pumzi kwa mdomo moja kila sekunde tano. Kinachoua ni kukosa pumzi, kwa hivo pumzi yako ndo dawa ya kwanza. Akianza kupumua mwenyewe mlaze kwa ubavu asije akasakamwa na matapishi.

Naloksoni ndo dawa inayogeuza ovadozi, inaondoa heroini pale ilipojishika kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2014 kwamba watu wanaoweza kushuhudia ovadozi, yaani wenzake na familia, waipate na wafundishwe kuitumia. Scotland walianza mpango wa nchi nzima mwaka 2011 na wakawa wanawapa wafungwa ile dawa mkononi wakiwa wanatoka. Hapa kwetu uliza kliniki na mashirika yanayofanya kazi na vijana wa unga, usingoje tukio. Na ujue nguvu yake inakaa dakika 30 hadi 90 tu, kwa hivo hata akiamka akasema yuko sawa, mpeleke hospitali, manake naloksoni ikiisha unga bado uko.

Wengi hawafi kwa unga peke yake. Unga na bugizi (vidonge vya usingizi), unga na pombe, unga na mnazi, hivo vyote vinakandamiza pumzi kwa pamoja. Bugizi hasa, ile vidonge watu wanaichukulia kama kitu cha kutulizia tu, nawaomba muiogope. Na wengi wanakufa wakiwa peke yao chooni ama gofuni, kwa sababu kijana aliyetoka ndani anaona aibu, kila mtu ashasema kapona, sasa atajificha. Ile sifa tunayompa ya kupona ndo inamfanya ajifiche. Ningependa zaidi tumwambie kitu kama "ikikushinda niambie, sitakufukuza."

Nyumbani sasa

Atalala wapi ni swali kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kama maskani yake ya zamani iko hatua kumi kutoka mlango wa mamake huko Maweni ama Kisumu Ndogo, basi hata awe na nia ya chuma, kila akienda dukani anapita mbele ya watu wanaomwita jina lake la mtaani. Kama kuna shangazi Mambrui, ama kaka mkubwa Watamu mwenye chumba, mwezi mmoja ama miwili ya mwanzo akae huko, bora tu iwe mahali anaweza kufika kliniki kila siku. Kumpeleka mbali sana na dawa ni kumwokoa huku ukimzamisha kule. Na simu, wallahi watu hawafikirii simu, laini mpya inasaidia kuliko mawaidha mengi.

Kuhusu pesa nina maoni ambayo najua wengine watanipinga. Kijana wa hapa mwisho wa siku anarudi kwa kazi za pwani, kuvua, boda, kuosha magari, kutembeza wageni ufukweni, na zote hizo zinalipa taslimu jioni, pesa mkononi saa ambayo kiu iko juu. Msimu wa wageni, kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, pesa zipo na pusha nao wapo. Ikifika Aprili mvua zinaanza, hoteli zinafunga, kijana yuko kibarazani siku nzima bila kitu, na hiyo pia ni hatari ya aina yake. Mimi naona miezi mitatu ya kwanza akikubaliana mwenyewe, narudia, akikubaliana mwenyewe, mtu anayemuamini amshikie pesa ama mwajiri alipe kwa wiki kupitia simu ya dadake. Mkimlazimisha mnamrudisha jela nyingine na ataona hivo.

Karatasi pia zinawafunga vijana. Wengine wameingia ndani bila kitambulisho, wengine kimepotea, na bila kitambulisho hapati laini ya simu, hapati kazi hotelini, hawezi hata kuomba cheti cha polisi cha tabia njema. Cheti chenyewe kitamuonyesha alihukumiwa na mwajiri mkubwa atamkataa. Kwa hivo anayeweza kumpa kazi ni yule anayemjua, fundi seremala wa mtaa, mwenye mashua, mwenye gereji. Kama wewe ni fundi na unasoma hapa, kijana mmoja tu, hata kwa nusu siku ili asubuhi aende kliniki. Ule mgongano wa kliniki asubuhi na kazi inayoanza saa moja umewatoa vijana wengi kwa dawa, na mwajiri anayejua hilo anaweza kumwambia aje saa nne na mambo yakaenda.

Kabla hajatoka, familia ama afisa wa probesheni wanaweza kufanya mengi, tena probesheni kazi yao mojawapo ni kuandika ripoti ya nyumbani, kwa hivo wanapokuja kuuliza majirani, wazazi msifiche habari ya unga mkidhani mnamlinda. Mkificha, atapewa masharti ya mtu asiye mgonjwa, kuripoti ofisini asubuhi ile ile anayotakiwa kliniki, alafu akikosa anaonekana mkaidi. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 yenyewe inampa hakimu nafasi ya kuamuru mraibu apelekwe kwa matibabu, lakini hakimu hawezi kutibu kitu ambacho hakuna aliyemwambia.

Wasichana wanasahaulika sana katika haya mazungumzo. Ni wachache kwa idadi, lakini wakitoka ndani wengi hawapokelewi kabisa, na anayewapokea mara nyingi ni yule yule mwanamume aliyewaingiza kwenye unga. Unga unavuruga hedhi, wengi wanakaa miezi bila kuona siku zao wakadhani hawawezi kushika mimba, alafu wakitulia ndani ama kwa methadoni mzunguko unarudi na mimba inakuja bila kutarajiwa. Akiwa mjamzito asiache methadoni ghafla, mimba inaweza kuharibika, aendelee na dawa huku anaenda kliniki ya wajawazito, na pande zote mbili zijue. Mama mkwe mwenye hekima anaweza kuokoa watu wawili hapo.

Na ikitokea ameteleza, kwa sababu itatokea kwa wengi, wataalamu wa Marekani wanakadiria asilimia 40 hadi 60 ya watu walio kwenye matibabu ya uraibu wanarudia wakati fulani, kiwango kinachokaribiana na watu wa presha na pumu wanaoacha masharti yao, basi usiku huo ndo wa kuwa karibu naye. Usimfukuze usiku. Usimnyang'anye kitambulisho wala simu ya kupigia msaada. Mtu mmoja akae naye chumba kimoja mpaka kupambazuke, aangalie pumzi. Kama hamjui mpigie nani, namba ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192 na haikatwi pesa. Asubuhi mpeleke kliniki, na kabla hajapewa kikombe chake aseme ukweli ametumia nini na saa ngapi, na kama kulikuwa na bugizi ama pombe aseme pia. Muuguzi akijua atamketisha pale benchi amwangalie, pengine ampe dozi ndogo, pengine amngojeshe mpaka mchana. Asipojua atampa dozi kamili juu ya kitu ambacho tayari kiko mwilini.